Nitakula Wapi Ugenini?

Barua tatu kati ya zile tulizopokea mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kupata chakula kizuri cha wenyeji mtu anapokuwa safarini. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo inayobeba nyingine.

SWALI: Mimi ni mkazi wa Dodoma. Mwezi ujao nitasafiri kwenda Unguja pamoja na mke wangu na mama yangu mzazi, ambaye ana umri wa miaka 71 na tumbo lake ni jepesi. Mara ya mwisho nilipokwenda huko kikazi nilikula siku zote nne katika hoteli niliyolala, nikarudi nyumbani bila hata kuonja urojo. Safari hii ningependa tule chakula cha wenyeji, kizuri na salama, bila kubahatisha. Nitaijuaje sehemu nzuri katika mji nisioufahamu? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu yangu, nianze na mji wako mwenyewe. Mgeni akikuuliza ni wapi Dodoma atapata nyama choma ya kukumbukwa, sidhani kama utahangaika kutafuta jina la mgahawa; utamwambia asubiri Jumamosi, aende mnadani Msalato. Kwa jibu hilo fupi utakuwa umempa mambo matatu kwa pamoja: chakula, mahali na siku. Akienda Msalato Jumanne, atakuwa amefika mahali penyewe na bado atarudi na njaa yake.

Unguja nako ni vivyo hivyo, ila huko kinachohesabiwa zaidi ni saa kuliko siku. Chakula cha wenyeji kina wakati wake wa kutoka jikoni, na baada ya wakati huo huwa kimekwisha, au kimebaki kile ambacho mwenyeji mwenyewe hakigusi. Kwa hiyo, badala ya kuuliza hoteli gani ni nzuri, uliza hapa panapikwa nini, na kinaiva saa ngapi. Nimesafiri miaka mingi kwa kazi hii ya uandishi, na sijapata swali lililonifaa kuliko hilo.

Sababu yake iko katika namna biashara yenyewe inavyokwenda. Mama lishe huamka kabla ya adhana ya alfajiri, akaenda sokoni au akaletewa mahitaji, akapika sufuria mbili au tatu kwa kadiri ya wateja anaowajua, akauza mpaka zikakauka, kisha akaosha vyombo na kurudi kwake. Mtaji wake ni wa siku ile ile, na hana friji kubwa ya kulimbikiza viporo. Isitoshe, vyakula vingi vya pwani huungwa kwa tui la nazi, na tui halichelewi kuchacha kwenye joto la huko. Mchuzi uliokuwa mtamu saa sita mchana unaweza kuwa umeshaanza kugeuka ifikapo jioni, hata kama haujabadilika rangi. Mpishi anayejua kazi yake hupika kidogo na kumaliza mapema. Ndiyo maana ukifika mahali ukaambiwa, "Wali umekwisha, njoo kesho kabla ya saa saba," usikasirike. Ithamini kauli hiyo, na kesho yake uende mapema.

Kinyume chake ni ule mgahawa wenye orodha ya vyakula arubaini, ambao uko tayari kukuhudumia saa yoyote utakayoingia. Mimi mwenyewe niliwahi kufika Mji Mkongwe saa tisa alasiri nikiwa na njaa kali, nikaingia katika mgahawa wa kwanza niliouona ukiwa na ubao mrefu mlangoni. Nililetewa pilau iliyopashwa moto si chini ya mara moja, punje zake zimekatika na nyama imekuwa kamba, na nikalipa bei ya kushangaza. Nilipotoka, hatua chache tu kutoka hapo, nilimwona mama mmoja akipanga bakuli zake za urojo kwenye meza, na vijana wa shule wamekwisha kujipanga mbele yake. Nilikuwa nimeagiza chakula cha mchana katika saa ya urojo.

Basi ipangeni siku yenu kwa mfuatano wa wenyeji. Asubuhi, tangu saa kumi na mbili hadi kama saa tatu, ni wakati wa supu, chapati, maandazi, vitumbua, mkate wa maji, mbaazi au maharage ya nazi, na chai ya viungo. Mchana ni wa wali, na siku ya Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, biriani na pilau huwa vimepikwa kwa wingi na kwa uangalifu zaidi kuliko siku nyingine, kwa hiyo Ijumaa msiipoteze. Alasiri ni ya urojo na vitafunwa. Magharibi ikiingia, mishkaki hupanda jikoni, kahawa chungu humiminwa barazani, na watu huteremka Forodhani, bustani ya kando ya bahari yenye soko la chakula la usiku.

Kuhusu wali, nendeni maeneo ya Darajani, ambako soko limekuwepo tangu mwaka 1904, na mzunguke vichochoro vya nyuma yake kati ya saa tano na saa saba. Simameni pembeni kidogo mtazame kabla ya kukaa. Wali wa nazi uliopikwa vizuri hukaushwa kwa kupaliwa makaa juu ya kifuniko, na mpishi anapoyapangua makaa yale kwa koleo na kuinua kifuniko, mvuke hutoka wenye harufu ya tui la kasimele, na punje zinaonekana zimesimama kila moja peke yake. Ukiuona wali wa namna hiyo, kaa. Wali uliogandamana kwenye beseni la plastiki lililofunikwa kitambaa, usioonyesha hata dalili ya mvuke, umepikwa mapema mno, hata kama sura yake inavutia.

Urojo nao unataka jicho. Ni rojo la unga lenye rangi ya manjano na ukali wa embe bichi, ukwaju au ndimu, ambalo ndani yake hutiwa viazi vya kuchemsha, bhajia, kachori, mishkaki na yai, kisha juu hunyunyiziwa chatini ya nazi, chipsi za muhogo na pilipili. Rojo lenyewe liwe linafuka moto, na chipsi za muhogo zitiwe mwisho kabisa mbele yako ili zisilowe. Kwa kuwa pilipili hutiwa juu, ni rahisi kumwagizia mama bakuli lake: "Naomba usitie pilipili, na chatini usitie." Chatini ya nazi mbichi ndiyo sehemu ya urojo inayoharibika haraka kuliko zote, kwa hiyo kwa mtu mwenye tumbo jepesi ni afadhali aikose.

Mkitaka pweza, tazameni mwezi. Pweza huvuliwa zaidi wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hupwa sana na miamba hubaki wazi kiasi kwamba wavuvi, wake kwa waume, huifikia kwa miguu. Katika siku hizo pweza huwa mwingi na mbichi, na supu yake asubuhi ni kitu cha kuamkia. Dagaa ni kinyume kidogo: huvuliwa usiku kwa taa, na taa haiwavuti vizuri mbalamwezi ikiwaka, hivyo hupatikana kwa wingi katika usiku wa giza. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, vyombo vingi vidogo havitoki, na samaki utakayeonyeshwa siku hiyo huenda amelala kwenye barafu muda mrefu. Si aibu kumwuliza mpishi, "Samaki huyu ameingia dikoni lini?" yaani pale vyombo vya uvuvi vinapofikia. Anayemuuza samaki mzuri hufurahia swali hilo, na mara nyingi atakufunulia matamvua uone wekundu wake bila kuombwa.

Huko Forodhani mama asikose kwenda, kwa kuwa bustani ile iliyo mbele ya bahari ni mahali pa kupumzika hata kwa asiyekula. Hata hivyo, katika soko lolote la usiku chagueni kile kinachotengenezwa mbele ya macho yenu tangu mwanzo: miwa ikamuliwe mbele yenu pamoja na ndimu na tangawizi, mkate wa kujaza unaoitwa pizza ya Zanzibar ukandwe na kukaangwa mkiona. Mishkaki ya samaki iliyokwisha kuchomwa na kupangwa mezani, ambayo itapashwa tu moto ukiiagiza, ipisheni. Jodari hasa anahitaji uangalifu, kwa maana akikaa kwenye joto hutengeneza sumu ambayo kupika tena hakuiondoi. Ukihisi amewasha ulimi kama pilipili ilhali hakutiwa pilipili, acha kula hapo hapo. Na bei ulizeni kabla ya kuketi. Kuulizia bei si uchoyo, na mtu mwenye biashara halali atakutajia bila kusitasita.

Sasa, nani wa kumwuliza? Usimwulize mtu anayepata cha juu kwa kukupeleka mahali. Madereva na waongozaji wengi ni watu wema, lakini baadhi yao wana mapatano na migahawa, na huwezi kujua ni yupi. Mwulize hamali wa bandarini, fundi cherehani, mwenye duka la vitambaa, kondakta wa daladala. Hao wanakula nje kila siku kwa fedha yao wenyewe na hawana fedha ya kutupa. Namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. Ukimwuliza mtu, "Wapi pana chakula kizuri?" atafikiria mgeni kama wewe angependa nini, na kwa heshima atakuelekeza penye vitambaa vya meza. Msalimie kwanza ipasavyo, kisha mwulize, "Wewe leo mchana utakula wapi?" Jibu litakuwa lingine kabisa, na mara nyingine atakuambia mfuatane.

Maoni ya watu mtandaoni yana msaada, ila yasomeni mkijua yameandikwa na nani. Sehemu kubwa ya wanaoandika kuhusu migahawa ya Unguja ni watalii waliokaa siku tatu, na wanapima mandhari, ukimya na kasi ya huduma. Mama lishe wa Darajani hana ukurasa wowote mtandaoni. Kilicho na manufaa zaidi huko ni picha za sahani zilizopigwa na wateja wenyewe katika miezi ya karibuni.

Nirudi kwa mama, kwa kuwa yeye ndiye anayenifanya niandike kwa tahadhari. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, na kinachongoja kuliwa kiwe na moto wa zaidi ya nyuzi 60. Huna haja ya kipimo. Chakula kisichokulazimisha kupuliza kabla ya kukitia kinywani hakijafikia moto huo. Kwa hiyo mama ale mapema, katika lile kundi la kwanza sufuria inapofunguliwa. Supu inayochemka, wali uliotoka motoni na ndizi za nazi zilizoiva sasa hivi ni salama zaidi kwake kuliko kachumbari iliyokatwa asubuhi, hata katika mgahawa wa gharama. Matunda ayamenye mwenyewe au mmenyee ninyi. Angalieni pia maji ya kunawa: mahali penye ndoo yenye bomba na sabuni, na kijana anayewamiminia wateja maji, pana mtu anayejali. Mchukue pakiti kadhaa za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, na zikikosekana, changanyeni lita 1 ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mama akiharisha zaidi ya siku moja, au akiwa na homa au damu, apelekwe hospitali bila kungoja.

Jambo la mwisho kwenu: ikiwa safari itaangukia Ramadhani, wakati wa mchana migahawa ya kawaida hufungwa, na kula njiani ni kuwakosea heshima wenyeji. Mwekeeni mama chakula chake chumbani. Lakini jua likizama, mtakuta meza za futari zenye magimbi, muhogo wa nazi, tambi, kaimati na uji wa pilipili manga, vyakula ambavyo miezi mingine hamtaviona vyote pamoja, na huenda mkakaribishwa futari na watu msiowajua. Kubalini.

SWALI: Nitakuwa Mombasa kwa mkutano wa juma moja. Sili nyama wala samaki wala kuku. Wenzangu wananiambia nitashinda na njaa kwenye hoteli za wenyeji. Je, ni kweli? – Msomaji, Kampala

JIBU: Si kweli, tena huenda ukala vizuri kuliko wenzako hao. Mombasa huamka kwa mahamri na mbaazi za nazi, na hicho ni chakula kamili kisicho na nyama, kinachopatikana Mji wa Kale asubuhi kabla watu hawajakwenda kazini. Jioni hutoka viazi karai, yaani viazi vilivyochemshwa, vikavikwa unga wa manjano na kukaangwa, vikaliwa kwa ukwaju. Zipo bhajia za viazi na za kunde, na kando ya bahari, upande wa Mama Ngina, utapata mihogo yenye pilipili na ndimu pamoja na madafu. Mchana uliza maharagwe ya nazi na mchicha wa nazi kwa wali au chapati. Aidha, mji una Wahindi wengi wa asili ya Gujarati ambao kwa imani yao hawali nyama, na migahawa yao isiyopika nyama kabisa imekuwa sehemu ya Mombasa kwa vizazi, kwa hiyo ni vyakula vya wenyeji vile vile.

Tatizo lako halitakuwa chakula bali neno. Ukisema "sili nyama," watu wengi wataelewa kuwa huli ng'ombe na mbuzi, na kwa nia njema kabisa utaletewa kuku. Taja kimoja kimoja: nyama, kuku, samaki, dagaa. Kisha uliza kilichounga mchuzi, kwa maana mboga za majani wakati mwingine hupikwa na vipande vya nyama au dagaa ili zikolee. Pilau usiitumie hata ukiahidiwa kutolewa nyama, kwa sababu wali wake huivishwa kwa supu ya nyama ile ile. Na kama mafuta ya kukaangia ni jambo linalokuhusu, nunua bhajia kwa mtu anayekaanga bhajia peke yake, si kwa yule ambaye karai lake hupokea samaki na viazi kwa zamu.

SWALI: Kila mwaka tunakwenda Arusha kwa basi kutoka Dar es Salaam tukiwa na watoto wawili. Basi husimama mara moja, dakika chache, mahali alipochagua dereva. Hapo napataje chakula kizuri? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Hapo, dada yangu, huchagui mgahawa, unachagua sahani tu. Hoteli ya njiani inahudumia abiria wa basi zima ndani ya dakika 15 au 20, kwa hiyo chipsi, kuku na wali vimepikwa kabla hamjafika na vimekuwa vikingoja kwenye sanduku la kioo. Kama mbele yako wameteremka abiria wa mabasi mengine mawili, vitu vinazunguka haraka na unaweza kula. Kama ninyi ndio wa kwanza baada ya saa nyingi, viache. Mayai ya kuchemsha yaliyo ndani ya ganda zima, mahindi yanayochomwa pale pale na ndizi mbivu hazina hatari kubwa kwa watoto. Soda na maji viwe vimefungwa.

Ningekushauri ubebe mlo mkuu kutoka nyumbani, na uwe mkavu: chapati, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, maandazi. Wali na chochote chenye nazi usivifungie kwenye kopo la moto tangu alfajiri, kwa sababu vitachacha kabla hamjafika Korogwe. Mwulize kondakta mapema, mkiwa bado kituoni, mtasimama wapi na saa ngapi, ili watoto wasije wakalala njaa au wakashiba biskuti nusu saa kabla. Na mkikaribia Segera, andaa noti ndogo mkononi, kwa kuwa wauzaji huja dirishani na machungwa ya Muheza. Yapo yaliyokwisha kumenywa ganda la juu. Wewe omba yenye ganda lake, utawamenyea watoto mwenyewe.